Tulidhani Unafanya Mazoezi

Mdogo wangu Sele,

Umejibanza huko Tabora, simu hupokei, basi nakuandikia hapa mtandaoni wanaposoma wote. Labda atatokea wa kukufikishia.

Albamu yako imefika Mpanda kabla ya salamu zako. Vijana wa bodaboda hapa Nsemulwa wanaipiga tangu asubuhi. Jana mmoja akanipigia kelele, "Mama Neema, mdogo wako kaua! Anaongea ukweli mtupu!" Nikasema haya, hongera zake. Nilikuwa na mtoto mgongoni ana homa, na ndoo kichwani.

Jioni nikaisikiliza yote huku nanyonyesha. Sele, umenichosha. Unaimba kwamba uliishi nyumba imejaa watu na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Mimi nilibisha! Nilisimama mlangoni pa chumba chako na sahani ya ugali na samaki wa mgebuka, nakusikia unaongea peke yako, sauti inapanda, inashuka. Nikauliza, "Sele, uko salama?" Ukajibu, "Nafanya mazoezi, dada, usinikate stimu." Mama naye akawafukuza watoto uani: "Nyamazeni nyie, mjomba wenu anatunga!" Tukawa tunanyata ndani ya nyumba yetu wenyewe ili tukupe nafasi, kumbe nafasi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inakumaliza.

Sasa kwenye wimbo wa mwisho umeiweka ile sauti yenyewe, bila mdundo. Nimeitambua. Hayakuwa mazoezi. Ulikuwa unalia, na watu huku wanatikisa vichwa.

Kinachonikera ni hiki: mimi niliyekubeba mgongoni kule Kakese, mama akiwa shambani, nimekuja kujua huli wala hulali kupitia spika ya pikipiki. Na unamaliza kwa kusema umechoka kuamka. Hata mimi nimechoka, Sele, tena sana, ila nikichoka nasema mtu anisikie.

Nakupenda, lakini hili silipigii makofi. Jumamosi napanda treni na mtoto. Tutakwenda wote hospitali. Wewe utaongea na daktari, mimi nitakaa nje kwenye benchi. Hutaki kuniambia mimi, sawa, mwambie yeye.

Huo mji siujui, na huyu mtoto siku hizi mzito. Njoo utupokee stesheni. Usipokuja sitamuuliza mtu njia. Nitakaa pale pale na mizigo yangu mpaka nikuone unakuja.

Dada yako,
Mama Neema