Jina la Bibi Oumi Juu ya Kisa Changu

Mahabibo, Mahajanga
12 Mei 1963

Mpendwa Bibi Oumi,

Nakuamkia, kwezi, bibi yangu. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Andilana, na lile goti liwe limepoa. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, na mdogo wetu Hamada ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba.

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundisha mwenyewe likizo zote zile nilizokuja kwako Nosy Be, kwa hiyo nikikosea tugawane lawama.

Shuleni tuliambiwa tuandike hadithi kwa Kifaransa, na iliyo bora ichapwe katika jarida la shule. Nilichukua kisa chako cha mwanamke aliyenyang'anywa sauti na jini wa kisimani. Kwako anarudishiwa sauti baada ya kuomba radhi. Kwangu anakataa, kwa sababu hakukosa lolote. Anahamia Mahajanga, anafungua duka la vitambaa, anauza kwa ishara za mikono, na wateja wanamwelewa. Kisima na jini ni vyako. Duka na ule ukaidi ni vyangu.

Juu kabisa niliandika kama tunavyosema nyumbani kabla ya kusimulia: "Nimekipokea kwa Bibi Oumi, naye kwa mama yake, Sitti." Sikufikiri mara mbili. Kwetu mtu asiyetaja alikopokea hukatizwa kabla hajafika mbali.

Mwalimu wetu, Mfaransa aliyebaki baada ya uhuru, aliusoma mstari huo mbele ya darasa, akasema nimekiri mwenyewe kwamba nimenakili. Akanipa sifuri. Elamine, anayekaa nyuma yangu, akauliza, "Zoubeida, na mtihani wa hesabu atakufanyia bibi?" Darasa zima likacheka. Unanijua nilivyo. Nilitazama meza.

Hadithi iliyosifiwa ni ya Elamine. Bibi, ile ameitoa katika kitabu cha zamani cha kaka yake, neno kwa neno, hata nukta hakuhamisha. Nakijua kwa kuwa waliwahi kuniazima, nikakisoma mara mbili. Yeye hakumtaja mtu, basi imekuwa yake. Sijamsema wala sitamsema. Ninachotetea ni changu.

Jana mwalimu aliniita peke yangu. Si mtu mbaya. Alisema kisa kimempendeza, na nikiufuta mstari ule na kutia sahihi kwamba nimebuni kila kitu, atanipa alama zangu na kukichapa. Nikasema, "Bwana mwalimu, nikiufuta ndipo nitakuwa nimeiba."

"Basi sifuri yako ibaki."

Nikamjibu ibaki, na jina libaki.

Baba amekasirika, maana alama hizo huhesabiwa katika kupandishwa darasa, na huenda nikarudia mwaka. Nimelia, sikufichi. Lakini sijuti, na akiniita tena nitajibu vilevile.

Nimekutafsiria kisa chote, kimo humu ndani ya bahasha. Kama mwisho wangu unakuudhi, niandikie unikaripie. Tugombane wewe na mimi, wenye kisa. Mwalimu hana neno hapo.

Nisalimie Shangazi Halimati na mumewe Mouigni, na mtoto wao Laïla umbusu kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri, na pumzi ya kusimulia.

Mjukuu wako akupendaye,
Zoubeida