Jumamosi za Espérance

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa moja kamili nimefika Ganshoren, kwa mgonjwa wangu. Nimemwosha Madame Odile, nimempaka mafuta miguuni, nimemvalisha. Mkate umelowekwa kwenye kahawa, maana meno hayashiki tena. Dawa tatu. Miaka sita sasa, Jumatatu hadi Ijumaa.

Leo ameniuliza Jumamosi ni lini. Nikamwambia bado siku tano. Uso ukasawijika. Jumamosi ni zamu ya Espérance, Mkongo wa Likasi. Ana mwezi mmoja tu hapa. Magurudumu ya kiti cha Madame yana tope. Nimeyafuta. Sijauliza.

Jumatano, 8 Oktoba

Namchana nywele, anasema Espérance huzibana kwa nyuma. Nimezibana kwa nyuma. Anasema sivyo. Nimekasirika siku nzima, kwa ajili ya nywele.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mezani kalamu za rangi, na karatasi iliyojaa vipande vya buluu na vyekundu. Aliyechora ni Madame. Sikujua kwamba anachora. Nimempigia Espérance, nikajifanya nauliza kama Madame alipata choo. Akanieleza bila kuficha: kila Jumamosi wanapanda basi kwenda kanisa la kale mjini. Madirisha yake ya vioo Madame aliyatengeneza zamani akiwa msichana, yeye na wenzake wa karakana.

"Maman Zaina, ile vitre ya tatu, ya bleu, ni yeye mwenyewe alikata. Haukujua?"

Nikasema najua. Nimedanganya.

Jumanne, 14 Oktoba

Najua kidole chake kipi kina sugu. Najua anaogopa radi. Najua analia akimsikia mtu akipiga kinanda. Na huyu wa mwezi mmoja ndiye aliyeambiwa.

Kwenye ujia kuna picha ya msichana mwenye aproni, ameshika kioo kwa mikono miwili. Nimeifuta vumbi miaka sita. Leo nimeitazama. Ni yeye.

Sikuwahi kumwuliza. Ni hilo tu. Na kwa kuwa ni hilo tu, namchukia Espérance zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Baada ya kazi nimekwenda peke yangu. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu kule Bujumbura; tangu nitoke huko sijaingia kanisani. Mlangoni mguu ukataka kuvua kiatu.

Ndani mawe ya karne nyingi. Nguzo ndefu zinapanda mpaka shingo inauma, zinakutana juu kwa ncha. Nilitarajia watakatifu kwenye madirisha. Hakuna hata mmoja. Ni vipande vya rangi tupu, vimeungwa kwa madini ya risasi. Mzee anayekaa mlangoni alinieleza kwamba vioo vya kale viliharibika, vikawekwa hivi vya kisasa. Waumini walinuna mwanzoni, sasa watu wanatoka mbali kuja kuvitazama.

Dirisha la tatu. Buluu imeshuka ukutani, imepita sakafuni, imefika kwenye viatu vyangu. Nimekaa nusu saa. Ni pazuri. Lau pangekuwa pabaya ningerudi nyumbani nimetulia. Nimerudi na wivu zaidi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepiga simu ofisini kwetu, kwa wanaotupangia zamu. Nimemwambia msimamizi kwamba Espérance anampandisha basi mgonjwa wa moyo bila idhini ya maandishi ya familia. Kila neno ni kweli. Nimetaja dawa zake za moyo moja moja, na vipimo vyake, ili aone hatari yenyewe.

Jumatatu, 20 Oktoba

Espérance amehamishiwa kwa mgonjwa mwingine, Etterbeek. Wikendi sasa anakuja mwanamume mmoja mpole asiyetoka nje. Espérance amenipigia. Hakulalamika. Aliomba nimsalimie Madame na kumweleza kwamba si yeye aliyetaka kuondoka. Nikasema sawa.

Sijamweleza.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo, asubuhi tu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Yule wa wikendi ameniachia ujumbe kwenye daftari la zamu. Jumamosi Madame alivaa koti saa tatu asubuhi, akakaa karibu na mlango hadi mchana. Hakula. Leo kwangu vijiko vitatu vya supu, basi. Nimemletea kalamu za rangi. Amezisukuma.

Espérance hayupo na bado namwonea wivu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeshusha ile picha ukutani, nimemwekea mapajani. Kwa mara ya kwanza nimemwuliza: kioo hiki ulikikataje? Aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

"Muulize Espérance," akasema. "Yeye nilishamweleza yote."

Nimelia bafuni, bomba wazi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimempigia mwana wa Madame, anakaa Liège. Idhini ameituma kwa barua pepe kabla sijamaliza kuosha vyombo. Mistari miwili. Ningeweza kumwomba tangu mwanzo, badala ya kupiga simu ofisini. Nililijua hilo siku ileile.

Jina nililomwomba aandike ni langu. La Espérance sikulitaja.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempeleka kanisani. Basi, ngazi mbili, mlango mzito. Nimesimamisha kiti chake mbele ya dirisha la tatu. Jua lilikuwepo. Buluu ikamwangukia mapajani, ikapanda mikononi, kwenye ile mikono ninayoiosha kila siku. Nikamwambia ni zuri. Hakutazama juu. Alikuwa ameugeukia mlango.

"Tumngoje," akasema. "Espérance huwa hachelewi."

Nikachuchumaa mbele yake. Kifaransa kilinitoka vibaya. Nikamwambia Espérance haji, na kwamba hakuondoka kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyemsemea ofisini. Kwa wivu. Neno hilo nilirudia mara mbili kwa sababu masikio yake ni mazito, na mzee wa mlangoni akageuka.

Sikuweza kumwangalia Madame usoni.

"Basi mpigie," akasema.

Nikampigia palepale. Nikamwambia Espérance kwamba aliyemsemea ofisini ni mimi.

"Nilijua, Maman Zaina. Ofisini balinisomea ile rapport. Ma-dawa yote na ma-dose yake. Nani mwingine anazijua hivyo?"

Nikasema nisamehe.

"Bon. Sina la kukuambia leo. Nipe Madame."

Nikampa simu. Walizungumza. Madame alicheka, kicheko nisichowahi kukisikia ndani ya miaka sita. Alikuwa ameinua uso, anaonyesha kioo kwa kidole kana kwamba Espérance anamwona, anamweleza kwamba leo mwanga unatoka kushoto. Mimi nilishikilia kiti. Ningetaka kusema kwamba wivu uliisha hapo. Haukuisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia msimamizi ukweli wote. Amenipa onyo la maandishi. Nimetia sahihi. Mwana wa Madame ameandika idhini nyingine, safari hii kwa jina la Espérance. Anarudi zamu ya Jumamosi kuanzia wiki ijayo.

Jumatano, 12 Novemba

Madame amemaliza bakuli. Nimemwuliza tena habari za kioo. Leo amenijibu kidogo: ukishakikwaruza usisite, ukisita kinavunjika ovyo. Kisha akachoka. Sikumsumbua.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Niko nyumbani, Berchem. Nimefua, nimeanika ndani. Maharage yako jikoni.

Asubuhi kulikuwa na mawingu. Saa tano yakafunguka, nikasimama dirishani nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Saa hizi wako kule kanisani, wawili.

Espérance ameandika ujumbe: dawa ya saa sita amekunywa. Hakuna salamu.

Nimemjibu asante. Nimerudi kugeuza maharage.