Asilimia mia niliyoiandika kwa kuogopa kuuliza

Alhamisi, jioni.

Masika imeanza kwa fujo wiki hii. Tangu asubuhi milima haionekani, ni ukungu mtupu, na nimeshinda na viatu vilivyolowa. Lakini leo sijali viatu. Leo nimesimama kwenye kikao cha wakuu wa idara nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba kosa ni langu.



Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, nasubiri matokeo, na kwa sasa ni kibarua kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa cha serikali. Sasa kina mwenyewe, na huyo mwenyewe ameleta programu ya kompyuta ya kusimamia miradi yote mahali pamoja. Sisi tunaiita Mfumo. Zamani stoo walikuwa na daftari lao, mafundi lao, usafirishaji lao, na kila mtu alilifungia lake kwenye droo. Sasa kazi ya mmoja ikifika mwisho, Mfumo wenyewe unamwambia anayefuata aanze. Kazi yangu ni kuzunguka na fomu, kumuuliza kila fundi kazi yake imefika asilimia ngapi, kisha kurudi ofisini kuiingiza.

Kuuliza. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kikaratasi.

Fundi mkuu wa ujenzi ni Mzee Kobelo, Mluguru wa milimani, yupo kiwandani tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo aliniuliza baba yangu ni mtu wa wapi. Nikasema ni Mnyamwezi wa Tabora, na makabila yetu ni watani. Basi, ikawa hivyo. Tangu siku hiyo mimi ni mtani wake, na hanipi jibu la kawaida hata mara moja. Mtani akikuchokoza, nawe unatakiwa umrudishie, ndipo mnaongea mambo ya kweli. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa tu.

Jumatatu nilimkuta kwenye msingi wa boila jipya, mtambo wa kutengeneza mvuke. Zege lilikuwa limefunikwa magunia yaliyolowa, mbao bado zimelishika pembeni. Nikamuuliza, kwa sauti ya mbu, limefika asilimia ngapi.

"Limekwisha, Mnyamwezi! Andika mia. Waite na shangazi zako wa Tabora waje na mizigo yao kichwani, wacheze ngoma hapo juu."

Mafundi wote wakacheka.

Sikujua kwamba magunia yale yamewekwa ili zege liendelee kunywa maji likomae. Hilo kweli sikulijua. Lakini nilijua anatania, na hili ndilo lililonikaba siku zote hizi. Sauti ya utani naijua, nimekua nayo nyumbani. Ilinipasa nicheke, nimrudishie moja, kisha niseme: haya babu, sasa niambie kweli. Badala yake niliandika mia nikaondoka haraka, masikio yanawaka moto.

Mfumo haujui utani. Ulipopata mia yangu, uliwaambia usafirishaji kwamba msingi uko tayari. Boila lilikuwa linasubiri bandarini Dar. Jana asubuhi likafika getini juu ya trela refu, na kreni ya kukodi nyuma yake, wakati zege lina siku nne tangu limwagwe. Mzee Kobelo alitoka mbio na kusimama katikati ya njia, mikono juu, kuzuia kreni isikanyage pale. Kreni ikalishusha boila uani, ikageuza ikarudi Dar. Limelala pale chini ya turubai, kila anayepita anaangalia.

Usiku mzima niliwaza jambo moja. Mikataba ya wazee inaisha mwezi huu, na anayependekeza nani aongezewe ni Injinia Rehema, msimamizi wa miradi. Mzee Kobelo hana kiinua mgongo cha kutosha kwenda kukaa nyumbani. Mia niliyoiandika mimi ingeweza kumwondoa kazini.

Leo kikaoni niliwekwa kwenye kiti cha nyuma, karibu na kompyuta inayoonyesha ukutani, ili nifungue kurasa nitakazoambiwa. Mkuu wa stoo ndiye aliyeanza. "Daftari langu halijawahi kuita kreni," alisema. Watu wakacheka, wengine wakasema turudi kwenye madaftari yetu. Injinia Rehema hakucheka. Aliniambia nifungue ukurasa wa msingi. Ikatokea ukutani, kubwa: asilimia mia, mtoa taarifa Kobelo.

Akamgeukia. "Mzee, ulisema hivi?"

"Nilisema."

Hilo tu. Hakusema alikuwa anatania. Hakunitazama hata kidogo. Nikaelewa kwamba ananikingia kifua, na kwamba ataendelea kunyamaza hata wakimwandikia barua ya kuondoka.

Nikasimama. Sikupanga. Nilisema alikuwa ananitania kwa sababu sisi ni watani, na mimi nilijua ananitania, nikaandika kwa sababu niliona haya kuuliza mara ya pili. Nadhani nilisema "samahani" mara tano. 

Injinia Rehema akauliza, "Uliutazama huo msingi?"

"Niliutazama. Sikuuliza kuhusu nilichokiona."

Akaniambia nisahihishe palepale, mbele yao. Nilidhani nitafuta. Kumbe Mfumo haufuti, kosa linabaki na masahihisho yanakaa chini yake, pamoja na jina la aliyekosea. Niliandika jina langu herufi kwa herufi, wakuu wote wakisoma ukutani. Kisha akasema suala la Mzee Kobelo kwenye hili limekwisha, halitaingia kwenye mapendekezo yake. Langu halijaisha. Nitaendelea mpaka kreni itakaporudi, na nikileta namba moja nyingine ya kubahatisha, nirudi nyumbani, mtaani kwetu Mafiga.

Ni haki. Nimeigeuzageuza kichwani mchana kutwa na bado ni haki.

Nje ya mlango Mzee Kobelo alikuwa ananingoja. "Kumbe Mnyamwezi ana mdomo!"

Sijui yalitoka wapi. "Ninao, babu. Nilikuwa naogopa tu kumshtua mtu aliyezoea kulima mlimani amejifunga kamba asidondoke shambani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu, bila kuulizwa, uso ukawa wa kazi: "Zege la boila siku ishirini na nane. Kila asubuhi njoo, nitakuonyesha kwa nini." Nikaandika. Kumbe mlango ulikuwa pale siku zote, mimi ndiye sikuwahi kubisha hodi.

Nimesikia tena leo watu wakisema kompyuta ndiyo iliyodanganya. Inaniuma, kwa sababu haikudanganya. Iliniamini mimi. Na kama nitashindwa hizi wiki chache, wakuu wote watarudi kwenye droo zao na kusema waliona tangu mwanzo.

Kesho nina mafundi saba. Wa kwanza ni wa pampu, ambaye wiki iliyopita alinifukuza na spana mkononi, akasema hana muda wa kuhesabiwa na watoto. Yeye si mtani wangu, kwa hiyo sina hata pa kuanzia zaidi ya shikamoo.

Nitaanza na shikamoo. Nitaomba anionyeshe kwa mkono palipofika, na nisipoelewa nitauliza. Akinifokea, nitasubiri amalize, kisha nitauliza tena.