Makala Niliyoyangojea

Jumatatu, 5 Februari 1973, Bukoba
Vipindi vitatu vya fizikia, kisha posta. Sanduku tupu. Wiki ya tano tangu niiandikie maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya kuomba makala kuhusu tiba ya mionzi ya protoni.

Tata, baba yangu, ana uvimbe ndani ya shavu. Mwezi uliopita Ndugu Felisiani, mganga wa zahanati kule kwetu Muleba, alimwandikia barua ya rufaa aende Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi. Nilimpinga mbele ya wagonjwa wake. Nilimweleza kwamba mionzi ya kawaida hupenya hadi upande wa pili na kuunguza nyama nzima, ilhali protoni hukomea palepale kwenye uvimbe. Sikukosea neno. Akauliza, "Mwalimu, na hiyo mashine yako iko kijiji gani?" Watu wakacheka. Barua yake niliikunja nikaitia mfukoni. Ingali humo.

Jumapili, 25 Februari, Muleba
Wageni baada ya misa. Tata aliwagawia kahawa ya kutafuna. Mwenye nyumba ndiye hutangulia, ili mgeni ajue ni salama. Aliitia punje kinywani, akageuka, akaitemea kiganjani na kufumba ngumi. Hakuna aliyeona ila mimi. Nikaanza kuwaeleza wageni habari za protoni.

Jumatano, 14 Machi
Posta. Hakuna. Mama ameleta salamu: Tata sasa hula ndizi za kupondwa.

Ijumaa, 30 Machi
Bahasha imefika kwa meli. Makala manne. Nimeyasoma nikiwa nimesimama pale pale posta.

Mashine hizo ni chache mno, na bado watu wanajaribu. Wanazitumia kwa uvimbe uliojificha ndani kabisa ya kichwa. Makala ya tatu yanasema kwamba uvimbe mdogo wa shavuni huitikia vizuri mionzi ya kawaida, mradi mgonjwa asicheleweshwe. Ni yaleyale ya barua ya Felisiani, yameandikwa kwa Kiingereza kirefu.

Kikaratasi cha mkutubi kinaanza "Mpendwa Daktari". Sikumwandikia kwamba mimi ni daktari. Wala sikumwandikia kwamba mimi si daktari.

Jumatatu, 2 Aprili
Siku ya tatu sijamwambia mtu. Nimefundisha. Nimebishana na walimu wenzangu kuhusu vijiji vya ujamaa, nikawashinda. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 7 Aprili, Muleba
Nilimpeleka Tata zahanati. Nilimrudishia Felisiani barua yake ikiwa imechakaa mikunjo. Nilitaka anitukane. Alinawa mikono, akamtazama Tata kinywani kwa muda mrefu. Januari uvimbe ulilingana na punje ya kahawa. Sasa ni yai la njiwa.

Nilipomfuata nje alisema, "Mwalimu, Januari ningekwambia watamponya. Leo nakwambia watajaribu." Akaandika barua nyingine, kwa mwandiko uleule wa uangalifu. Nilimwomba radhi. Nilitumia maneno mengi mno.

Jumanne, 10 Aprili, Bukoba
Meli inaondoka jioni, mwanzo wa safari ya Dar es Salaam. Tumeketi juu ya mizigo bandarini. Nilimwambia Tata yote: makala, barua iliyokaa mfukoni, miezi iliyopotea. Kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kihaya sina pa kujificha.

Alijibu polepole, shavu halimruhusu. "Felisiani alikuja nyumbani mara mbili akinihimiza niende. Nikamwambia, namngoja mwanangu, ndiye aliyesoma."

Kisha akafungua kifuko chake cha kahawa, akawanyooshea majirani waliotusindikiza. Wote walingoja atangulie. Akachukua punje moja akaitia mkononi mwangu.

"Tangulia wewe."

Nikatafuna.