Sixten Åkerblad na Keki Aliyoileta Ritva

Mwaka umetimia, Sixten, tangu moyo wako uliposimama pale uani, ukiwa unatia mafuta mnyororo wa baiskeli. Viatu vyako bado viko mlangoni. Mkeo Majlis hajavitoa, na sisi hatumhimizi.

Tunaukumbuka upole wako. Hukuweza kuona kitasa kilicholegea nyumbani kwa mtu ukakipita bila kutoa bisibisi mfukoni. Mezani ulinyakua kikombe cha yeyote, ukakipindua juu chini: "Tazameni, huu ndio mdomo wa injini ya roketi, hapa ndipo moto unapotokea. Ndani ya ukuta wake mna vijia vyembamba, na gesi baridi inapita humo. Bila hiyo chuma chote kingeyeyuka!"

"Baba, hicho kilikuwa na kahawa!" Joar alipiga kelele. Ulifuta meza kwa soksi yako, ukaendelea na somo.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, ndivyo wasemavyo watu. Sisi yako tunaitoa hadharani leo, na tunaitoa tukiwa tumeinamisha nyuso. Hapa mjini Trollhättan kuna mtu anayeibeba badala yako, nasi tumemwachia mzigo huo muda mrefu mno.

Ni wewe mhandisi uliyepanga jinsi midomo ile inavyotengenezwa. Ni wewe uliyechagua vizibo vya kuzuia vumbi lisiingie kwenye vijia. Ukataka viwe vya plastiki angavu kama kioo, ili wakaguzi wachungulie ndani bila kuvifungua, na ulijivuna navyo kweli. Kisha injini moja ikatoboka ukuta kwenye majaribio kule Ujerumani. Hakuna aliyeumia, lakini jasho la watu wengi liliteketea siku hiyo. Kizibo kimoja kilikuwa kimesahaulika ndani, gesi baridi isipite. Zamu ya kuvitoa ilikuwa ya Ritva, fundi aliyekuja kutoka Ufini akiwa msichana na hakuwahi kufanya kazi pengine.

Karakana yenu ilikuwa na desturi yake: aliyekosea huleta keki saa ya kahawa, na keki ikishaliwa kosa limekwisha, asilitaje mtu tena. Asubuhi ya keki ya Ritva ulichukua kipande kibovu cha mdomo wa injini, ukapachika kizibo kimoja, ukakodoa macho. Hukukiona. Ukajua kwamba hata yeye asingeweza kukiona.

Saa ya kahawa Ritva akasimama kando ya keki yake. "Jamani, nisameheni." Nawe ukapokea kipande chako, ukala. Ukamwambia, "Asante, Ritva, tamu hii."

Lo, Sixten!

Ulipopata ujasiri wa kumwendea Torgny, mkuu wenu, Ritva alikuwa keshaacha kazi kwa aibu. Torgny akakukatiza: "Keki imeliwa, bwana. Unataka kufukua nini tena?" Vizibo vikabadilishwa kimyakimya, siku hizi ni vyekundu. Wewe hukubishana naye.

Ulimpelekea Ritva keki nyumbani kwake. Alifungua mlango kidogo tu. "Yangu uliila," akasema. "Yako siili."

Ukarudi nayo, ukatusimulia yote bila kumtazama yeyote usoni. Vendela, binti yako aliyekuwa akiapa kwamba baba yake hakosei, aliinuka mezani akatoka. Majlis alikuuliza, "Ulimezaje, mume wangu?" Toka hapo tukimwona Ritva dukani tulijificha nyuma ya rafu za maziwa, familia nzima, watu wazima na akili zetu. Mjini wakisema Ritva ndiye aliyeunguza injini, tulinyamaza.

Basi tunasema sasa: kosa halikuwa la Ritva. Lilikuwa la Sixten wetu. Torgny akichukia, na achukie.

Tulikupenda, na hata tulipokuonea aibu hatukuacha kukupenda. Ulikuwa baba mwema na ndugu mwema, na siku ile ulikuwa mwoga.

Wanaokukumbuka ni mkeo Majlis, watoto wako Vendela na Joar, na mimi dada yako Gunborg niliyeshika kalamu. Joar alitaka jina la Ritva nalo liwemo, maana ulilitaja mpaka wiki yako ya mwisho. Hatukuthubutu kuliweka bila idhini yake. Majlis akampigia simu, akamsomea haya yote tangu mwanzo.

"Yachapisheni gazetini," Ritva akasema. "Lakini jina langu msiliweke hapo kwa wanaomkumbuka. Mwaka huu bado, Majlis. Niulizeni tena mwakani."

Tutamuuliza, Sixten. Nawe hutoki mioyoni mwetu kamwe.