Kiungo Kilichopimwa kwa Hewa

Mwihoko, Ruiru
14 Julai 1996

Mpendwa mwanangu Trizah,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Nasikia huko Ujerumani sasa ni wakati wa joto. Hapa Julai imetubana, jua hatulioni hadi saa nane. Mama yako mkubwa Wamboi hajambo. Mimi moyo umechoka. Ngazi tatu za mlangoni nazipanda kwa kupumzika mara mbili. Daktari hanipangii tena mambo ya mwaka ujao.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kumbe mnashindilia haidrojeni ili iendeshe magari! Umeuliza sisi tuliiwezaje Thika, kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, tulikoitumia kugandisha mafuta. Kwa shida, mwanangu. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko zote, hivyo ukitaka nyingi ikae mahali padogo lazima uibane sana, na ukiibana inapata joto kali. Tuliibana kwa hatua tatu, tukiipoza kwa maji kila hatua. Chuma nacho ilikidhoofisha polepole, hadi kikapasuka bila kupinda.

Mwali wake hauonekani mchana. Kwa hiyo tulitembea kando ya bomba tukitanguliza fagio la majani makavu; likishika moto, unarudi nyuma. Mbebaji alikuwa baba yako Simeon, akiimba besi. "Kaka, leo fagio limekosa chai!" aliniambia akifika mwisho salama, yaani halikupata moto. Nazikumbuka asubuhi hizo kuliko chakula nilichokula jana.

Sasa nikwambie lililonikalia moyoni. Umeandika kwamba utangulizi wa tasnifu yako unataja ajali ya 1971, na kwamba ilitokana na baba yako kutokaza nati. Si kweli. Nati alizikaza vizuri.

Gasketi mpya, ile pete ya kuzibia, ilipowekwa, kupima kiungo cha bomba ilikuwa kazi yangu, mimi msimamizi wa zamu. Nilitakiwa kujaza gesi yenyewe kidogo kidogo, nikipaka povu la sabuni nione kama panavuja. Hiyo ni nusu siku, nami nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Nikajaza hewa ya kawaida, kiungo kikatulia, nikatia saini. Nilijua vyema kwamba panapozuia hewa, haidrojeni hupita.

Kesho yake Simeon aliwasha mtambo. Gesi ikavuja kiungoni ikawaka, moto ukamchoma mkono ule usionyooka. Wakubwa wetu Wazungu walipouliza, nilisema ni nati. Akafukuzwa, na hakushika spana tena.

Jumapili iliyopita nilimwita baba yako nikamweleza. Aliweka kikombe chini.

"Wazungu sawa, uliwaogopa. Mimi je, Absalom? Miaka ishirini na mitano tunakula meza moja!"

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Akachukua kofia yake, akaenda. Hajarudi.

Sikuombi utupatanishe. Naomba ufute sentensi ile kabla kazi yako haijachapwa. Andika kwamba kiungo hakikupimwa kwa gesi, na aliyepaswa kukipima alitia saini ya uongo. Jina langu liweke. Kisha mtumie baba yako ukurasa huo. Asomewe na mama yako Aketch, mimi nisiwepo.

Msalimie mdogo wako Mitchell. Mungu awalinde mbele ya mitambo yenu, na akupe wewe ujasiri wa kusema "bado" pale wengine wanapotaka kuwahi.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nilikuficha,
Baba mkubwa Absalom