Marehemu Alikuwa Gulioni

Jumatatu, 5 Mei

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha birika la umeme la ofisi ya walimu, kilichotokea wakati wa chai, baada ya kuugua waya kwa muda mrefu. Marehemu ameacha vikombe na walimu. Mazishi yamefanyika nyuma ya choo. Mwalimu wa Historia alitaka kutoa neno la faraja, kengele ikamkatiza.

Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani, linasikika tu.

Nimeanza somo jipya kidato cha tatu. Akili mnemba, usalama mtandaoni, ustawi wa mtoto. Mwongozo umetoka juu, ukashuka hadi kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye funguo ya kabati la kompyuta. Sikusomea. Nilijifunzia steshenari ya Bondeni, nikichapa barua za watu na kutoa kopi za vyeti vyao. Waliotuma mwongozo hawajui. Kompyuta nayo haijali.

Kipengele cha ustawi kinataka niwaulize watoto wanajisikiaje. Nikauliza. Darasa zima: salama, Madamu. Nikauliza wanakosa nini. Tupokigwe, binti wa dirishani anayeishi na bibi yake mfinyanzi, akasema baba yake yuko Tunduma na huja kwenye misiba tu. Wenzake wakacheka. Si kwa ubaya. Wa kwao wako hivyo hivyo.

Mwongozo hauna jibu hapo. Nikaenda kipengele kinachofuata.

Jumatano, 7 Mei

Sauti za kughushi. Nilimwomba mkuu wa shule asome taratibu za usafi kwenye simu yangu, programu ikajifunza sauti yake. Darasani nikawasikilizisha: mkuu, pamoja na kikohozi chake, akitangaza kwamba kesho mchana ni wali na nyama. Makofi. Nikawaambia si yeye, ni mashine. Wakaendelea kupiga makofi.

Nimebandika bango ukutani. SIMAMA. ULIZA. HAKIKISHA. Ukipata habari nzito usiisambaze, mpigie mhusika kwanza.

Tupokigwe aliuliza mashine inahitaji sauti kiasi gani ili imjue mtu. Nilifurahi kupata swali. Nikajibu vizuri.

Alhamisi, 8 Mei

Maharage. Kidato cha tatu wananitazama kama mpishi ni mimi.

Simu yangu ina sauti za marehemu mume wangu. Nyingi. Anataka ninunue usipa, dagaa wa hapa ziwani. Anauliza funguo iko wapi. Mwaka sasa. Sijafungua hata moja, sijafuta. Programu ingetosheka nazo kabisa. Niliwaza hilo nikipepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi sauti imeingia kwenye grupu la walimu, imetoka grupu la ukoo. Ni katibu wa ukoo, mzee ambaye simu yake haijui habari nyingine ila vifo. Bibi yake Tupokigwe amefariki ghafla, watoto wote warudi nyumbani. Nikajifunga kitenge, nikachukua mchele, nikaenda. Mkuu naye. Mimi na bango langu.

Hakuna aliyepiga simu. Kwetu hupigi simu kuuliza kama msiba ni wa kweli. Ukiuliza, unaonekana unatafuta sababu ya kutokwenda.

Uwanja ulijaa. Kuni, mikungu ya ndizi, turubai. Baba yake Tupokigwe amekuja na gari la kukodi kutoka Tunduma, kashika shoka, anapasua kuni huku machozi yanamtoka. Nyumba imefungwa. Wote tukajua mwili uko hospitali, kila mtu akiamini kuna mwenzake anayeshughulika nao.

Nililia. Kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, vizuri kabisa. Kwa mume wangu nilikaa kama gunia. Sijui mwili huu unafuata ratiba gani.

Tupokigwe alikuwa jikoni anachochea moto. Hakulia hata kidogo. Hapo nikajua.

Alasiri bibi akatokea njia ya ziwani, tenga kichwani, chungu kimoja hakijauzwa. Marehemu alikuwa gulioni. Akaona turubai, akaona watu wanalia uwanjani kwake. Hakuuliza. Akatua tenga, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kulia. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, kuanzia waliokuwa karibu naye. Yeye akaendelea. Alikuwa anaita jina la mwanawe. Nani mwingine angemletea watu wengi hivyo?

Mwanawe akaweka shoka chini. “Mama, mimi nipo hapa.”

Bibi akamshika mikono, akamshika na uso. Ndipo akauliza, “Sasa amekufa nani?”

Mpwa wake mmoja kutoka Ipinda akajibu taratibu, kwa heshima zote, “Ni wewe, mama.”

Tukala. Wali ulioiva haurudi guniani. Bibi alikula pia. Akasifu ndizi. Akatuambia ndaga, asanteni, mmenilia vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Jirani yao amenisimulia kanisani. Baba alilala usiku mmoja. Alfajiri kapigilia bati la jikoni lililokuwa linavuja. Tupokigwe akamfuata pale pale kwenye ngazi, akamwambia mwenyewe: sauti niliitengeneza mimi, kwa simu ya bibi, nikakutumia wewe peke yako. Kweli alimtumia yeye peke yake. Lakini taarifa ya kifo haikai mfukoni mwa mtu. Baba aliisambaza kwanza, akalia baadaye.

Hakumpiga. Alimaliza bati. Akaondoka kabla ibada haijaisha.

Simu yenyewe baba ndiye aliyemnunulia bibi, mwaka juzi, ili wawe wanaonana.

Jumatatu, 12 Mei

Wazee wa ukoo wamefika shuleni. Wanataka binti afukuzwe. Aliyetangulia ni katibu. Alisema kinachomuuma si kughushiwa. Alipoisikia ile sauti alidhani ameisema mwenyewe akasahau. Anatangaza wengi.

Mkuu akamuuliza Tupokigwe alijifunzia wapi. Akasema mtandaoni. Alikuwa ananifichia. Nilipata nafasi nzuri kabisa ya kunyamaza. Nikasema alijifunzia kwangu. Si ushujaa. Nilichoka tu.

“Madamu, ulimfundisha kughushi?”

“Nilimfundisha asighushiwe. Mtambo ni ule ule.”

Jibu halikusaidia. Somo limesimamishwa. Kompyuta imefungiwa kabatini pamoja na mipira. Tupokigwe arudi nyumbani, na asionekane shuleni mpaka aje na mzazi. Mei ikiisha bila mzazi, jina linafutwa.

Nimemsindikiza hadi getini. Mwongozo una ukurasa wa kumfariji mtoto, kuna picha ya mikono miwili. Nilimshika bega. Bega lilikuwa bega.

Alhamisi, 15 Mei

Baba mtu ametuma sauti kwa mkuu. Amesikia, anaomba radhi, kazi imembana, hawezi kuja, shule iamue itakavyoona.

Mkuu akaniita. Jumatatu nilikuwa hatari kwa watoto, leo ni mtaalamu. Ni yeye au ni mashine? Nikasikiliza, nikarudia, nikarudia tena. Nikamwambia sijui. Tukampigia. Iliita mpaka ikakata. Mkuu akasema sauti si mzazi, anataka mtu mwenye miguu.

Jioni nikapita kwao. Tupokigwe alikuwa anakanda udongo, bibi anazunguka chungu, maana hapa chungu hakizunguki, anazunguka mfinyanzi. Nikamuuliza binti wazi: ile sauti umetengeneza wewe?

Alinitazama kama mtu aliyepewa swali rahisi kwenye mtihani.

“Hapana, Madamu. Ningetengeneza mimi, ningemfanya aulize bibi anaendeleaje.”

Bibi alisimama kidogo. Kisha akaendelea kuzunguka.

Nimerudi nyumbani. Nimepika ugali. Nimekula.

Jumatatu, 19 Mei

Marehemu amehudhuria kikao.

Alikuja na bodaboda, chungu mapajani, Tupokigwe nyuma yake. Akamwamkia kila mtu ofisini, hata mwanafunzi aliyeleta chaki. Mkuu akamweleza kwa upole kwamba utaratibu unataka mzazi, na yeye ni bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akakiweka chungu mezani, juu ya makaratasi.

“Mwalimu, mlikuja kunizika bila kuniuliza. Leo nimekuja mwenyewe, mnaniuliza mimi ni nani?”

Mkuu alikula sahani mbili siku ile. Niliziona. Nadhani alizikumbuka. Akakohoa, akasema tutaangalia, na kabla ya kengele alikuwa ameshaangalia. Tupokigwe amerudi. Adhabu: kufyeka nyasi za uwanja, na kumwomba radhi katibu mbele ya ukoo. Bibi akasema ndaga na kuacha chungu pale pale mezani. Hakuna aliyethubutu kumwambia akiondoe.

Nilitegemea kufurahi. Nilisikia kama kiatu kimelegea. Basi.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imepumzika. Milima ya Livingstone imeonekana leo, yote, mpaka majini.

Birika jipya limefika kutoka mjini. Chungu cha bibi sasa ni cha maji ya kunywa, maji yanakaa baridi, Mwalimu wa Historia anajisifu kana kwamba amekifinyanga yeye. Somo limerudishwa, bila kipengele cha sauti. Tupokigwe yuko dirishani. Mikono ina malengelenge ya fyekeo. Nimeuliza wanajisikiaje. Salama, Madamu.

Jana nilifungua sauti moja ya mume wangu. Anauliza funguo iko wapi. Nikasikiliza mara moja, nikafunga. Funguo ilikuwa mlangoni.

Katibu wa ukoo ameweka utaratibu mpya, nasikia alilisoma bango langu siku ile wazee walipofika shuleni. Kuanzia sasa, ukisikia sauti yake inatangaza msiba, usiamini. Mpigie kwanza uhakikishe.

Jumatano amefariki mdogo wake bibi, kule Njisi. Kweli kabisa, mwili umeonekana. Watu walipiga simu, wakahakikisha, wakaja. Baba yake Tupokigwe naye alipiga, katibu akamthibitishia.

Hakuja.